Karatasi Zisizopitisha Mafuta

Bi Zena amezikwa Magomeni ya Kilosa, kwenye makaburi ya mjini, katikati ya watu asiowafahamu. Nilifika Kilosa saa tano asubuhi, mwili ukiwa bado ndani, na neno la kwanza lililonitoka baada ya kutoa pole, hata viatu sijavua, lilikuwa kuuliza kwa nini hawampeleki Mvumi, shambani kwake, akalazwe karibu na mumewe. Wanawake waliokaa jamvini waliniangalia kama mtu aliyeuliza choo kiko wapi katikati ya dua. Mwajuma, mtoto wa dada yake, ambaye Bi Zena alimlea tangu akinyonya, alinishika mkono akanivuta uani. "Dada Feli, Mvumi ipi tena?" akasema. "Kule ni kwa mwekezaji. Kuna geti na mlinzi." Nilikuwa najua. Pale msibani hapakuwa na mtu aliyejua habari ya lile shamba kuliko mimi, na mimi ndiye niliyeuliza. Mtu akikaa na kosa lake muda mrefu huanza kulipita kama anavyopita jirani asiyesalimiana naye, na mimi hili langu nimelipita hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku ile niliishiwa njia ya kupitia.

Ya wazazi wangu na nilikozaliwa nayaacha, hayahusiki na kesi hii. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimemaliza kozi ya uchapaji, nimepangiwa kazi boma Kilosa. Ilikuwa ndiyo enzi ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imejaa Magomeni, na watu waliokuwa wakiogopa kuonekana na redio mpya sasa waliifungulia barazani mtaa mzima usikie. Upande wa pili wa ruksa hiyo ulikuwa wafanyakazi wanaopunguzwa, na mashamba ya mkonge ya serikali ambayo kila mtu alisema yanauzwa na hakuna aliyejua yanauzwa kwa nani. Mimi hayo sikuyajali. Nilikuwa na sketi mbili za ofisini na chumba cha kupanga kwa Bi Zena, mjane wa makamo aliyeuza maandazi barazani kwake. Chumba changu kilipakana na jiko, ukuta wa upande huo ulikuwa na joto tangu alfajiri, na nguo zangu zote zilinukia iliki na mafuta. Ofisini waliniita Andazi. Jioni tulikula pamoja, ugali na mlenda, siku njema dagaa wa nazi, na Bi Zena alikuwa na tabia ya kunisukumia sahani huku akinisema kwamba mkono wangu wa kula ni wa binti anayeogopa wakwe wasiokuwepo bado. Nilicheka sana nyumba ile. Sijacheka hivyo tena sehemu nyingine, na nilipata nyumba kubwa kuliko ile.

Mwezi wa pili wa kazi ukaja mradi. Wilaya yetu ilichaguliwa kuanza daftari la mashamba la kwenye kompyuta, na likifanikiwa kwetu lingeenda nchi nzima. Walileta mashine mbili, moja boma Kilosa, nyingine Mikumi kwenye ofisi ya mradi kando ya barabara kuu, kwa kuwa wageni walipenda kukaa huko. Chumba cha mashine kilipigwa rangi, kikawekewa mapazia na kiyoyozi, na tulivua viatu mlangoni. Wakubwa zangu waliokuwa wakiniagiza chai sasa walichungulia dirishani kuniona nikibonyeza. Mtaalamu aliyetufundisha alikuwa mgeni mrefu mwenye Kiswahili cha polepole. Kila tulipokosea alisema taratibu, taratibu, basi tukamwita Bwana Taratibu, na jina akalipenda. Alitufundisha vizuri, sitamsingizia. Jambo moja tu alilifanya mwenyewe bila kutufundisha. Kila mwaka mpya ukianza, mashine ilidai tarakimu za kuifungua, na tarakimu hizo zilitoka kwa waliotengeneza programu, huko kwao. Mwaka ulipoanza alizipata kwa faksi, akaziingiza, akakunja karatasi akaitia mfukoni. Nilimwona akiikunja. Haikunijia hata kidogo kuuliza.

Kazi yangu ilikuwa kupokea karatasi za wakulima, kuziingiza, na kumpa kila mtu kipande kilichochapwa namba yake. Watu wa Mvumi walikuwa wa kwanza. Wengi wao walilima pembezoni mwa shamba la mkonge, sehemu iliyoachwa ikawa msitu, wakaisafisha kwa idhini ya kijiji, na kijiji kikawaandikia barua kwenye karatasi ngumu zenye muhuri. Walileta barua hizo, na kijiji kikaleta hata daftari lake. Bi Zena hakuleta. Barua yake aliitunza ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni. Shamba lile alilisafisha yeye na mumewe, na mumewe alizikwa humo humo, kando ya mawe waliyoyatoa mtoni. Alikuwa akienda kila Ijumaa kupalilia mahindi na kumsalimia, na kurudi akiwa amechangamka kama mtu aliyetoka kupiga soga. Aliniambia mara nyingi, bila huzuni yoyote, kwamba nafasi yake iko pale upande wa kushoto na hajaruhusu mtu kupanda hata mchicha.

Basi nikamwandama. Niliona aibu kwamba mwenye nyumba wangu ndiye aliyebaki nje ya daftari. Nilimwambia mchwa wanakula karatasi, mvua inalowesha, nyumba inaungua, lakini mashine haisahau. Alikuwa akikanda unga, hakuinua kichwa.

"Hiyo mashine inakula nini?"

"Umeme, mama."

"Na umeme ukikatika?"

"Unarudi."

"Na wanaojua kuiwasha wakiondoka?"

"Tutakuwepo," nikasema. "Mimi si nipo?"

Aliinua kichwa akaniangalia kwa muda, kisha akajifuta unga akaenda chumbani. Alirudi na barua. Siku iliyofuata nikaiingiza ya kwanza kabisa asubuhi, barua yenyewe ikabaki ofisini, nikamletea kipande chake chenye namba, na alikifunga kwenye pindo la khanga. Hakujua kusoma herufi zetu za shuleni, lakini alinitaka nimsomee ile namba mpaka akaikariri.

Kila mwisho wa wiki nilipanda Landrova ya mradi kupeleka disketi Mikumi. Nilizipenda safari zile kuliko nilivyokiri. Tulikula kwenye nyumba ya wageni iliyoko barabarani, wali na kuku wa kukaanga, malori yakipita kwenda mpakani na nyani wakinyemelea mikate dirishani. Wakubwa walikaa meza yao, mimi na dereva tukakaa yetu. Siku moja alikuja mgeni kutoka kwa wafadhili, mtu mzima mwenye maswali, akamuuliza Bwana Kaduma, aliyekuwa mkuu wetu wa masijala, mradi ukiisha hizi mashine atazitunza nani. Niliacha kutafuna ili nisikie. Bwana Kaduma alisema wizara. Mgeni akauliza kama wizara imeshaweka fungu. Bwana Kaduma akasema itaweka. Mgeni akauliza, na isipoweka? Hapo Bwana Kaduma alijifuta mdomo kwa kitambaa, akasema, "Mradi ukiisha, mheshimiwa, utakuja mwingine." Wakacheka meza nzima, Bwana Taratibu naye, na mgeni akacheka kidogo kwa adabu. Mimi na dereva tukacheka kwa kuwa wakubwa wamecheka. Nimehudhuria mikutano mingi tangu hapo, mpaka nimestaafu, na jibu nililolisikia kila mahali lilikuwa ni lile lile, limevalishwa suti tofauti.

Kabla mwaka haujaisha ikatangazwa kwamba wageni wa wizara na wafadhili watakuja kukagua. Bwana Kaduma alitaka waone ofisi isiyo na karatasi. Maneno hayo aliyapenda mno, aliyaandika kwa mkono wake akayabandika mlangoni, kwenye karatasi. Akaniagiza zile zote zilizokwisha kuingizwa zitolewe zikachomwe nyuma ya boma. Nilijaza magunia mawili, na lile daftari la kijiji likiwemo. Nikasimama nayo pale nyuma na kiberiti mkononi, nikaona ubadhirifu. Mwaka ule karatasi ya kufungia ilikuwa taabu, wauzaji wa karanga na maandazi waligombania madaftari ya shule, na Bi Zena alikuwa akifungia kwenye majani ya mgomba watu wakimlalamikia. Nikalipa mkokoteni, nikayapeleka nyumbani. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Bi Zena alizishika zile karatasi, akazikunja kona, akaziinua kwenye mwanga, akasema leo umenipa mahari kabisa. Wiki ile na zilizofuata baraza ilijaa wateja, siku za gulio walipita hadi watu wa vijijini, na mimi nilipita kwenda kazini nikijisikia mtu mwema.

Ukaguzi ulifanyika, wakapiga picha, wakasifu. Kisha mradi ukafika mwisho kama ulivyoandikwa, Bwana Taratibu akatuaga kwa soda na keki, akalia machozi ya kweli. Mwaka mpya ukaingia. Siku ya kwanza ya kazi niliwasha mashine, ikadai tarakimu. Niliandika zile za mwaka uliopita, ambazo nilizikariri nikimtazama Bwana Taratibu akizibonyeza, ikakataa. Bwana Kaduma alisema tuandike barua wizarani. Tuliandika. Nilipanda basi kwenda Mikumi nikidhani labda ya kule inafunguka, nikamkuta mlinzi na mkewe wamehamia ofisi ya mradi. Boksi la printa lilikuwa na vifaranga. Mashine yenyewe waliitunza vizuri mno, wameifuta vumbi na kuitandikia kitambaa cha kufuma chenye maua, na juu yake wameweka picha ya harusi yao. Yule mama alinikaribisha chai. Sikuweza hata kumwomba aondoe picha, nikanywa chai nikarudi.

Mvua za masika zilipoanza, watu wenye vyombo vya kupimia walionekana Mvumi. Shamba la mkonge lilikuwa limeuzwa, na mnunuzi alipewa ramani ya zamani, ile ya kabla msitu haujasafishwa. Tangazo likabandikwa: mwenye hati ya eneo lake aiwasilishe boma. Bi Zena alikuja asubuhi na mapema, amevaa baibui safi, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alisimama mbele ya meza yangu, akaitaja namba yake kwa kichwa, hakukosea hata tarakimu moja. Akaniambia niifungue. Mashine ilikuwa inawaka, kile kioo kikimulika palepale inapodai tarakimu zake. Nilimwambia kuna tatizo dogo, arudi nyumbani, nitamletea habari.

Nilikimbia. Sijui niliaga nani ofisini. Nilimkuta amekwisha kufika, amekaa jikoni anakaanga, bado amevaa lile baibui. Nilivuta magunia kutoka nyuma ya mlango. Moja lilikuwa tupu, limekunjwa. La pili lilibaki na karatasi chini kabisa, nikazimwaga sakafuni nikazichambua moja moja, zote za kijiji kingine, Munisagara, Munisagara, tena Munisagara. "Za Mvumi ziko wapi, mama?" nikauliza. "Zile ngumu, zenye muhuri?" Aliligeuza andazi. "Zile ndizo nilizoanza nazo," akasema. "Zilikuwa nzuri, hazipitishi mafuta." Kisha mkono wake ukasimama juu ya karai. Nilimwona akielewa. Hakunitukana, na mimi nilitamani sana anitukane. Maandazi yaliungua yote yaliyokuwa kwenye karai, naye anayatazama.

Kilichofuata ni aibu yangu, nitakisema chote. Paliitishwa mkutano boma, watu wa Mvumi wakajaa hadi nje, na Bwana Kaduma akasimama akasema kumbukumbu zipo salama ndani ya mashine, ila mashine imepata hitilafu ya kitaalamu. Mzee mmoja akauliza karatasi zao wenyewe ziko wapi. Bwana Kaduma akanigeukia. Bi Zena alikuwa safu ya pili. Nilisema, "Zilihifadhiwa, tunazitafuta." Uongo mtupu, kwa sauti ya ofisini. Nikamwangalia Bi Zena nikijua neno lake moja linatosha kunimaliza, na yeye akainamisha uso akawa anakunja na kukunjua pindo la khanga yake. Hakusema siku ile, hakusema siku zingine. Miezi michache baadaye walipigiwa uzio. Mara ya mwisho alipokwenda Ijumaa, mlinzi alimruhusu asalimie kaburi akiwa amesimama nje ya waya. Alirudi akanipakulia chakula kama kawaida. Mimi nikaomba uhamisho. Nilipopata barua ya kwenda Morogoro nilifungasha siku hiyo hiyo, na nilipomuaga aliniuliza kama nimechukua sufuria yangu.

Nimepanda vyeo kwa sababu ya mashine. Mifumo minne nimeiona ikizinduliwa kwa ngoma na kuzikwa kimya kimya, na kwa kila mmoja nilipewa cheti cha ushiriki. Kilosa nilikuwa nikipita na treni bila kushuka. Nilimtumia Bi Zena vitenge kila Idi, na alipopata simu alikuwa akinipigia kunishukuru na kunisema kwamba nimekonda, ingawa hanioni.

Nilibaki msibani hadi siku ya tatu. Kisomo kilipokwisha na watu wamekula, Mwajuma alinifuata ubavuni akaniwekea kitu mkononi, kipande cha karatasi yenye matundu pembeni, kimekunjwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. "Alisema dada Feli akija apewe hii," akaniambia. "Alisema wewe ndiye unayeijua mashine, labda siku moja itafunguka." Wino ulikuwa umefutika zamani. Lakini namba sikuhitaji kuisoma, naikumbuka nami.

Wakati huo huo aliinuka mtendaji wa kata, binti mwenye heshima zake, amefunika kichwa vizuri. Akatoa pole, akaomba radhi, akasema kwa kuwa wengi wapo hapo angependa kutumia dakika chache. Kuna mfumo mpya wa taifa wa viwanja na mashamba. Alikuwa na kishikwambi mkononi. Alisema kila mwenye karatasi aje nayo, itapigwa picha, itaingizwa, na ile ya asili itabaki ofisini kwa usalama. Nilisimama. Nilimuuliza mfumo huo unaendeshwa na nani, mradi ukiisha nani ataulipia, na funguo zake ziko nchi gani. Alinijibu kwa upole kwamba safari hii mambo ni tofauti, mama. Watu wakaanza kunong'ona, mmoja akasema mwacheni, uchungu wa msiba. Hapo ndipo nilipolisema.

"Karatasi za Mvumi nilizitoa mimi. Niliambiwa nizichome, nikampa Bi Zena afungie maandazi. Naye hakujua ni zipi. Ni mimi."

Mzee Mrisho, aliyewahi kuwa na ekari zake mpakani na Bi Zena na sasa analima kwa kukodi, alikuwa amekaa karibu na mlango. Nilimwamkia kwa kuchelewa, shikamoo, akaniitikia marahaba.

"Tulikuwa tunajua, mwanangu," akasema.

"Bi Zena aliwaambia?"

"Zena? Zena hakufungua mdomo mpaka tumemzika. Siku ya gulio nilinunua maandazi mawili hapo barazani. Nilipomaliza kula nikaona karatasi ina jina la baba yangu na muhuri wa kijiji. Niliisoma yote, mpaka tarehe."

"Mbona hukuichukua, baba?"

Alinitazama kama mtu anayeona tabu kumweleza mwenzake jambo lililo wazi. "Niichukue ya nini? Wewe si ulituambia mashine inazo? Nikajifutia mafuta mikononi, nikaitupa."

Mtendaji akasema, kwa adabu, mwenye karatasi asogee. Mwajuma akainuka na karatasi ya nyumba ile mkononi. Nilimshika khanga. Akaichomoa khanga polepole vidoleni mwangu, akaenda.